Mhuri wa Namba 1205

Ijumaa saa nne na robo asubuhi, Mkaguzi na Mama Maktaba walikuwa wamebakiza vitabu kama mia moja na kumi. Ilikuwa siku ya tatu ya kazi hiyo. Walikaa wakitazamana kwenye meza ndefu ya chumba cha kusomea: Mama Maktaba anafungua kitabu kwenye ukurasa wa jina, Mkaguzi anagonga mhuri, yeye anafunga, anasukuma kushoto, anafungua kingine. Mhuri ulikuwa mpya, wa chuma, na ndani yake mlikuwa na magurudumu madogo ya namba yaliyojisogeza yenyewe kila ulipogongwa. Uliandika kwa herufi kubwa MALI YA MAKTABA YA JAMII, HAITOKI NJE, na chini yake namba.

Hilo la kutotoka nje lilikuwa agizo jipya. Vitabu vilikuwa vikiazimwa na havirudi, kwa hiyo halmashauri iliamua kwamba kuanzia sasa visomewe humo humo. Mhuri wa pili, mdogo, usio na namba, Mama Maktaba alikuwa ameshaugonga wiki iliyotangulia kwenye ukurasa wa kumi na saba wa kila kitabu. Huo ndio ukurasa wa siri. Kila maktaba ina wa kwake na mkutubi hamwambii mtu, ili mwizi akichana ukurasa wa jina na kudhani kazi imekwisha, kitabu kiwe bado kinajulikana ni cha nani.

Mama Maktaba alikuwa na haraka zake. Ndani ya mkoba wa Mkaguzi mlikuwa na barua ya likizo ya siku ishirini na nane, iliyokwisha sainiwa kila mahali isipokuwa mstari mmoja: hesabu ya vitabu ikilingana na rejista, likizo inaanza Jumatatu, isipolingana, haianzi. Rejista ilisema vitabu 1205. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amechukua likizo hata siku moja, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia ufunguo. Sasa binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu, huko bara, mwendo wa siku nzima kwa basi, na alikuwa amemwambia mama yake kwenye simu kwamba anaogopa. Hakusema anaogopa nini na mama hakuuliza. Alikwenda akakata tiketi ya Jumatatu, akaibana kwa pini ndani ya droo ya dawati.

Watu wanaofanya kazi ya aina hiyo siku tatu mfululizo huacha kutazama. Mikono inajua yenyewe. Kitabu cha 1204 kilikuwa kijitabu chembamba cha ufugaji wa nyuki. Mkaguzi alikigonga, Mama Maktaba akakisukuma kushoto, akapeleka mkono kulia kuchukua kingine. Hapakuwa na kingine. Mkono wake ulirudi mtupu ukajilaza mezani kwa mazoea, kiganja juu, pale pale palipokuwa pakikaa vitabu, na Mkaguzi kwa mazoea yale yale akagonga.

Wakatazama wote wawili. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na maandishi meusi, safi, hata herufi moja haikupinda. Namba ilikuwa 1205.

Mkaguzi aliomba radhi. Kisha akatazama magurudumu ya mhuri, akatazama rejista, akasema hesabu imelingana. Alisaini ule mstari uliobaki kwenye barua ya likizo, akatia saini rejista, akaifunga, akaaga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maktaba nyingine nne za kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi.

Saa kumi na moja jioni Mama Maktaba alifunga madirisha, akachukua mkoba wake, na alipofika kizingitini mguu wa kulia ukasimama. Alijaribu wa kushoto, nao ukasimama. Hapakuuma popote. Mguu ulifika pale mlango unapoishia, basi, haukuwa na pengine pa kwenda. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wasomaji. Alivuka na taulo lake begani, akamshika mikono yote miwili, akavuta. Fremu ya mlango ililia, na huko ndani vitabu vitatu vikaanguka kutoka rafuni. Akaacha kuvuta, kwa sababu vitabu vilikuwa vya watu wote.

"Umegongwa mhuri," alisema Kinyozi, akiusoma mkono.

"Nimegongwa."

"Basi hapa ni barua tu. Hakuna ujanja mwingine."

Mama Maktaba alimwandikia Mkaguzi barua jioni ile ile. Jumatatu basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kituo kiko nyuma ya maktaba, kwa hiyo alisikia honi zote tatu, ile ya mwisho ikiwa ndefu, ambayo dereva huipiga kwa ajili ya abiria aliyechelewa. Aliisikiliza amesimama katikati ya chumba, mkoba mkononi. Iliuma, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Halafu akaweka mkoba chini, akafungua madirisha, maana wasomaji wa magazeti walikuwa wameshafika mlangoni.

Wino haukutoka. Alijaribu sabuni, mafuta ya taa, jivu. Rafiki yake, Fundi wa cherehani, mwanamke mwenye ulimi mkali na vidole vilivyojaa matundu ya sindano, alikuja kumsaidia kusugua. Alipomfungua blauzi ili amsugue na mgongo pia, kwa kuwa maji yalikuwepo, akauona ule mhuri mdogo chini ya bega la kushoto, mahali ambapo mtu hawezi kujiona. Hakuna aliyekuwa ameugonga hapo. Mama Maktaba alimwambia aache kujichosha na mkono, kwa sababu hata wa mbele ukifutika haitasaidia kitu. Aliieleza kazi ya ukurasa wa siri, mara ya kwanza katika maisha yake kumweleza mtu, na Fundi akaapa kutosema.

Lazima isemwe pia kwamba vitabu vyenyewe havikuujali ule mhuri. Viliendelea kutoka kama zamani, chini ya makoti na ndani ya vikapu vya sokoni, na havikurudi. Katika vitu vyote 1205 vilivyogongwa siku zile tatu, aliyetii alikuwa yeye peke yake.

Maktaba hiyo zamani ilikuwa ghala la forodha. Bahari ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na chumvi yake iliingia mpaka ndani ya karatasi. Rafu za chuma zilipata kutu, na kamusi zilivimba hata hazifungiki. Lakini katika mji ule mdogo hapakuwa na chumba kingine ambacho mtu angeweza kukaa kutwa bila kuulizwa ananunua nini. Makarani wa soko la samaki walikuja kutazama jedwali la maji kupwa na kujaa. Wake za mabaharia walikuja kujaza fomu na kusomewa barua zilizoandikwa kwa lugha za makampuni. Wanafunzi walitoka nyumba za chumba kimoja wakaja kusoma. Mjane mmoja hakusoma chochote. Alichukua kitabu chochote, akakifungua, akakaa karibu na watu mpaka jioni. Kabla ya mhuri haya yote yalianza saa tatu asubuhi. Sasa mwenye ufunguo alikuwa analala kati ya rafu ya Sayansi na rafu ya Dini, na hapakuwa na sababu ya mtu kungoja saa tatu. Makarani walibisha alfajiri. Jumapili ikawa siku kama nyingine.

Watu walikuwa wema, na wema huo ulimzunguka pande zote. Walimletea chakula kwa zamu. Walimletea godoro, blanketi, beseni, na Kinyozi akamletea kioo chenye ufa kidogo pembeni. Mwenye nyumba wake alikuja mwenyewe kumpa pole na kumwambia kwamba asiwe na wasiwasi na kile chumba, ameshapata mpangaji mwingine. Alimletea na nguo zake, zimekunjwa vizuri. Mama Maktaba alishukuru kwa kila kitu, na kila alichoshukuru kilitafutiwa mahali ndani, kikakaa.

Baada ya wiki tatu Mkaguzi alijibu. Alisema amesikitika sana. Alieleza kwamba kitu cha maktaba hufutwa kwenye rejista kwa sababu mbili tu, kupotea au kuharibika, na kwamba namba 1205 ikifutwa hivi hivi litabaki pengo katika hesabu aliyokwisha kuisaini. Bila shaka kulikuwa na kitabu kimoja kilichopotea tangu awali. Kitafutwe. Kikipatikana, na kamati ya wasomaji ikathibitisha kwa saini saba kwamba ndicho, suala litaangaliwa. Kuhusu likizo, alimkumbusha kwa heshima kwamba likizo ni haki ya watumishi, na jina lake kwa sasa limehamishiwa kwenye orodha ya mali.

Mama Maktaba aliipitia rejista mstari kwa mstari kwa siku mbili. Kilichokosekana kilikuwa kitabu cha kukata nguo za watoto, na aliyekiazima, miaka tisa iliyopita, alikuwa Fundi.

Fundi hakubisha. Alikileta alasiri ile ile, amekifunga kwa kitambaa cheupe. Kurasa zilikuwa na alama za chaki na matundu ya pini kila ukingo, na mikono ya mashati yote ya shule ya mji ule ilikuwa imetoka humo. Kukitoa ilikuwa ni kujikata mguu mwenyewe. Alikiweka mezani akakipigapiga mara mbili.

"Miaka yote hii hukunidai. Nilijua umenisamehe."

"Nilisahau," alisema Mama Maktaba. "Ningekumbuka usingelala."

Wakacheka, wakaacha kucheka, na Fundi akauliza mtoto anatarajiwa lini. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Kamati ilikutana Jumanne kwenye meza ndefu. Walikuwa saba, Fundi akiwa mmoja wao. Mama Maktaba aliwapangia viti, akawawekea maji, akakaa pembeni na kalamu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa katibu. Waliipitisha mikononi ile nakala ya nguo za watoto, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ndiyo. Wengi wao walikuwa wamewavalisha wanao au wajukuu zao mashati yaliyotoka humo.

Kisha Mwalimu mstaafu akakohoa. Alisema mtihani wa mwisho uko baada ya wiki tano. Alisema halmashauri imeshaulizwa na imeshajibu: mtu mwingine hakuna, akiondoka huyu mlango unafungwa. Aliwataja wanafunzi wanaosoma pale kwa idadi, thelathini na nane, na wajukuu zake wawili wakiwemo. Hakutaja jambo la uongo hata moja. Karani wa soko akasema yeye hana neno, ila jedwali la maji. Mjane, ambaye alikuwa amechaguliwa kamatini kwa kuwa alikuwepo kila siku, alitazama mikono yake. Ikapendekezwa kwamba saini ziwekwe baada ya mtihani.

"Binti yake anajifungua mwezi huu," alisema Fundi.

"Tunajua," alisema Kinyozi. Alimgeukia Mama Maktaba, na macho yake yalikuwa yameiva kweli. "Hapa hakuna asiyekupenda, Mama. Ndiyo shida yenyewe."

Mama Maktaba aliliandika hilo kwenye muhtasari wa kikao, chini ya mengineyo. Fundi aliweka saini yake peke yake, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akaondoka bila kumuaga mtu.

Simu iliita Jumatano ya wiki ya tatu, saa nane mchana. Mkwe wake alisema uchungu umeanza tangu jana asubuhi na haujafika popote, na kwamba mkewe anamtaka mama yake. Akampa simu. Chumba cha kusomea kilikuwa kimejaa, wanafunzi wawili wawili kwenye kiti, na pale juu ya dawati palikuwa na kibao kilichoandikwa KIMYA. Mama Maktaba alikuwa amekiandika mwenyewe mwaka wake wa kwanza. Aliinama nyuma ya dawati, mkono mmoja mdomoni.

"Mama," alisema binti. "Uko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu."

"Hapa wapi?"

Mama Maktaba alitazama miguu ya viti na miguu ya wanafunzi. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo haikumsumbua msomaji yeyote, kwamba yuko hapa, yuko hapa hapa, avute pumzi. Alilisema hilo kwa saa mbili na nusu, mpaka chaji ikaisha. Habari alizipata kesho yake kupitia simu ya Kinyozi. Mtoto wa kike, mzima. Mama yake alishonwa na damu ilimtoka nyingi, lakini naye mzima. Watu walileta maua na soda. Alikunywa soda.

Mtihani ulipita, na matokeo yakaja mazuri kuliko mwaka wowote. Halmashauri ilituma cheti cha maktaba bora ya mwaka, chenye fremu. Mwalimu mstaafu alikipigilia ukutani, kisha akatoa kalamu yake akasaini, na wengine watano wakasaini baada yake, wengine wakijifuta macho. Barua na kitabu vikaenda kwa gari la saa sita.

Mkaguzi alijibu upesi safari hii. Alipongeza kamati. Alithibitisha kuwa kitabu ni chenyewe. Hata hivyo rejista ilikuwa na nafasi 1205 na zote zimejaa, kwa hiyo sasa palikuwa na kitu kimoja cha ziada, na kwa kanuni, cha ziada ni kile kilichofika mwisho. Kitabu kilikuwa kimegongwa KIMEFUTWA kwenye jalada, nacho kilirudishwa pamoja na barua, apewe yule aliyekuwa nacho.

Fundi alikikataa mara mbili. Mara ya tatu alikipokea, kwa kuwa mashati ya muhula mpya yalikuwa yanamngoja, na nguo ya kwanza aliyokata humo ilikuwa gauni dogo la kumpelekea mtoto huko bara.

Mtoto alikuja amelivaa. Alikuwa na miezi minne, amebebwa mgongoni, na binti alikuwa amekonda. Aliingia saa tatu na nusu asubuhi moja kwa moja kutoka kituoni, baada ya usiku kucha njiani, akasimama mbele ya dawati, na Mama Maktaba akasimama upande wa pili wa dawati. Kisha Mama Maktaba akafungua droo akatoa karatasi ya chumba cha kusomea. Kila kitu chenye namba kinachotumika ndani husainiwa: namba, jina la msomaji, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, hali kilivyorudishwa. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwachia mtu yeyote bila karatasi hiyo, hata diwani, na hakuona namna ya kuanza kwa mwanawe. Binti aliisoma, akamtazama mama yake, akajaza: 1205.

Walikaa kwenye meza ya dirishani kutwa nzima. Mtoto aliushika ule mkono, akaulamba mhuri, akakunja uso. Alikuwa na masikio ya marehemu babu yake. Binti alimweleza mama kila kitu, tangu saa ya kwanza ya uchungu, bila kuruka, kama anayetoa ushahidi, na mama alisikiliza kila kitu bila kujitetea. Wasomaji walihamia meza za mbali wenyewe.

Saa tisa binti alisimama. Alimpa mtoto Fundi, aliyekuwa amekuja kulitazama lile gauni, akamwomba atoke naye nje, hatua mbili kutoka kizingitini, asimame hapo. Mtoto alilia mara moja, maana jua lilikuwa kali na mikono ilikuwa ya mgeni. Mama Maktaba alikwenda mlangoni mbio. Mikono yake ilitoka nje mpaka mabegani, miguu haikutoka. Fremu ililia, kitabu kimoja kikaanguka, cha pili kikaanguka. Kinyozi alisimama ng'ambo na mkasi, mteja wake akiwa amegeuza shingo. Mtoto aliendelea kulia. Baadaye binti akasema basi, imetosha, akaenda kumchukua mwanawe mwenyewe.

Walirudi mezani, na Mama Maktaba alilia hapo, kwa sauti, chini ya kibao chake. Binti alimshika. Mbele ya blauzi ya mama yote ililowa machozi, na mkono wenye mhuri ukalowa pia.

"Ulisema kikiharibika kinafutwa," alisema binti.

"Ndivyo kanuni inavyosema."

"Kulowa si kuharibika?"

"Inategemea," alisema Mama Maktaba. "Huwa wanaangalia."

Basi la usiku la kurudi lilikuwa la saa kumi na moja jioni. Binti alichukua karatasi, akaandika saa ya kurudisha, na kwenye nafasi ya hali akaandika kwa herufi kubwa: KIMELOWA. Alibonyeza sana kalamu. Mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni. Kwa kawaida mtu humsindikiza mgeni wake hadi mahali fulani barabarani, wakasimama tena, wakaongea yale waliyoyasahau. Wao waliongelea kizingitini, mmoja ndani na mmoja nje, mpaka honi ya tatu.

Karatasi yenye taarifa ya madhara hutumwa halmashauri bila kuchelewa, na Mama Maktaba aliituma kesho yake asubuhi. Wiki zile za kungoja jibu hakununua tiketi, lakini alikunja nguo zake akaziweka ndani ya mkoba. Usiku alilala ameuegemeza mguuni.

Jibu lilikuja Alhamisi. Lilikuwa fupi, mstari mmoja, na saini ya Mkaguzi chini yake.

*Kianikwe kivulini, penye hewa, kisha kirudishwe rafuni.*

Alilisoma mara mbili. Yalikuwa maelekezo sahihi; yeye mwenyewe angetoa hayo hayo, maana jua kali hukunja karatasi. Aliipiga barua matundu mawili akaiweka kwenye faili mahali pake. Akatoa nguo kutoka kwenye mkoba. Kisha akabeba kiti mpaka kwenye dirisha la upande wa bahari, ambako asubuhi huwa na kivuli na upepo, akakaa, akageuza kifundo cha mkono juu kwenye paja. Wanafunzi wa mwaka mpya walikuwa wameanza kuingia. Mmoja alimwuliza kitabu cha nyuki kiko wapi, naye akamwonyesha kwa ule mkono mwingine.